Bunia: Kartie Lumumba inahitaji hesabu ya mwaka, orodha peke yake haitoshi

Mwezi wa kwanza ni mwezi wa ripoti. Kwenye mkoa, kwenye meri, kwenye komini, hata kwenye kamati ndogo ya kartie, kila mwenye ofisi anaandika aliyoyafanya mwaka uliopita: mtaro uliozibuliwa, kidaraja kilichotengenezwa, darasa lililopakwa rangi, Salongo zilizopangwa, takataka zilizoondolewa karibu na soko. Orodha inasomwa, picha zinapigwa, wanahabari wanapewa nakala. Ni desturi nzuri. Kiongozi anayesema alichofanya ni bora kuliko yule anayenyamaza mpaka siku anapohamishwa.

Lakini mkaaji wa kartie Lumumba, hapa Bunia, akisikiliza orodha kama hiyo kwenye redio, anabaki na maswali matatu. Pesa iliyoingia ilikuwa ngapi? Iliyotoka ilikuwa ngapi, na ilienda wapi? Na kile kilichotengenezwa mwaka juzi, leo bado kinafanya kazi? Ripoti isiyojibu maswali hayo ni tangazo. Na katika mji kama Bunia, ambao umeona mengi, tofauti kati ya tangazo na hesabu ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Haki itendeke kwanza

Kabla ya kulaumu, ni haki kusema ukweli wa upande wa pili. Kuongoza Bunia ni kazi ngumu. Ituri ikawa mkoa kamili mwaka 2015, ilipokatwa kutoka Mkoa wa Mashariki, na Bunia ikawa mji mkuu wa mkoa, wenye komini tatu: Mbunya, Nyakasanza na Shari. Jina lilipanda cheo haraka, lakini mitaro, mabomba na njia havikupanda nalo. Tena vita vya Djugu na Irumu vimeleta mjini maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao. Wengine wako kwenye kambi kama ile ya Kigonze, wengine wengi wamepokelewa na ndugu ndani ya makartie. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja inabeba mbili au tatu. Choo ni kile kile, kisima ni kile kile, na chumba cha darasa ni kile kile.

Kwa hiyo, mtaro mmoja uliochimbwa vizuri katika hali hii unastahili sifa. Karani wa komini anayeandikisha watoto waliozaliwa, katika ofisi isiyo na umeme wa uhakika, anastahili shukrani. Hakuna anayedai miujiza. Kinachodaiwa ni kwamba sifa ziende mahali zinapostahili, na hilo haliwezekani pasipo hesabu.

Mvua inasoma ripoti upya

Kuna jambo ambalo wakaaji wa Bunia wanalijua kuliko wataalamu. Ripoti za mwaka zinasomwa wakati wa kiangazi. Mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili, mvua ni chache, vumbi ni jingi, na mtaro wowote unaonekana mzuri kwa sababu hakuna maji ya kuujaribu. Mwezi wa tatu mvua inarudi, na inaisoma ripoti upya, ukurasa kwa ukurasa. Mtaro uliozibuliwa kwa picha unajaa chupa za plastiki. Njia iliyosawazishwa inakatika katikati. Maji yanaingia kwenye parsele za watu, na mto Nyamukau, unaopita ndani ya mji, unabeba kila kitu ambacho wakaaji na wachuuzi wametupa humo kwa miezi mitatu.

Hapo ndipo mama mwenye meza ndogo ya nyanya anajua kama mwaka ulikuwa mzuri. Hapo ndipo motari anajua kama njia ya kwenda bulevari ya Libération inapitika bila kuvunja amotisa. Na hapo ndipo daktari wa kituo cha afya anaanza kuhesabu watoto wenye malaria na wenye kuhara. Ripoti ya kweli ingekuwa na mstari mmoja kwa kila kazi: ilifanyika lini, na leo hali yake ikoje. Kazi iliyodumu msimu mmoja wa mvua ina uzito kuliko kazi tano zilizozinduliwa kwa kukata utepe.

Nani anawajibika kwa nini

Mara nyingi raia anamlaumu kiongozi asiyehusika, na kiongozi anajisifu kwa kazi isiyo yake. Maji ya bomba ni kazi ya REGIDESO, ambayo ni kampuni ya serikali kuu. Umeme una mashirika yake na bwawa lake la Budana. Njia kubwa za taifa zina ofisi zake. Lakini sheria ya 7 Oktoba 2008, ile inayopanga kazi ya miji, komini, sekta na shefferi, inaipa komini kazi zinazogusa maisha ya kila siku: usafi, masoko ya komini, mitaro, njia ndogo za ndani, taa za njiani, vitabu vya kuzaliwa, ndoa na vifo, na vibali vya kazi ndogo ndogo.

Kartie yenyewe, kama Lumumba, kisheria haina bajeti yake. Ni ofisi ya karibu tu, mlango wa kwanza ambao raia anabisha. Shefu wa kartie anapokea malalamiko, anapatanisha majirani, anaitisha Salongo, lakini hana sanduku la pesa. Kwa hiyo anayeuliza hesabu ya Lumumba lazima aiulize komini na meri. Na komini ikijibu kwamba bomba la maji halimo mikononi mwake, jibu hilo ni sahihi, mradi iseme pia ni nini kimo mikononi mwake.

Pesa inatoka wapi

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 175, inasema mikoa ina haki ya asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena ikatwe pale pale inapokusanywa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika fungu hilo la mkoa, asilimia 40 iende kwa miji, komini, sekta na shefferi. Kwenye karatasi, komini za Bunia zingekuwa na pesa ya kutosha kuweka mitaro ya mawe.

Ukweli ni mwingine. Kukatwa pale pale hakujawahi kuwa desturi. Pesa inapanda kwanza Kinshasa, kisha inateremshwa kidogo kidogo, kwa kuchelewa, na inapofika chini kabisa imekuwa tone. Raia wa Ituri wana haki ya kuendelea kudai haki hiyo ya katiba, na wabunge wao wanapaswa kuulizwa kila kikao wameifanyia nini.

Lakini matokeo yake ni kwamba komini inaishi kwa pesa ya watu wake. Ni mama anayelipa tiketi ya soko kabla hajauza hata fungu moja la sombe. Ni motari, ni mwenye duka la vipuri, ni mwenye kinyozi, ni anayelipia karatasi ya kuzaliwa ya mtoto. Faranga mia tano hapa, elfu moja pale. Mtaro ukichimbwa kwa pesa hiyo, haukuwa zawadi ya kiongozi yeyote. Wenye mtaro ni wale waliolipa, na mwenye mali ana haki ya kujua mali yake imetumika vipi.

Kodi na bariere

Kwa nini jambo hili ni zito zaidi Bunia kuliko mahali pengine? Kwa sababu Ituri inajua aina ya pili ya malipo. Kwa miaka mingi, makundi yenye silaha yamekuwa yakiweka bariere njiani, hata kwenye barabara ya taifa namba 27 inayotoka Bunia kwenda Mahagi. Msafiri, mchuuzi, mchimbaji wa dhahabu na mwenye lori wanalipa ili wapite. Hakuna karatasi. Hakuna anayeuliza pesa inaenda wapi, kwa sababu anayeuliza anaweza asirudi nyumbani.

Wazee wa Bunia wanakumbuka pia Mei 2003, wakati mapigano yaliingia ndani ya mji wenyewe, na ikabidi jeshi la Umoja wa Ulaya lililoongozwa na Ufaransa, operesheni Artemis, lije mwezi wa sita kusaidia MONUC. Wakati ule, aliyekuwa na bunduki ndiye aliyekuwa ofisi ya kodi.

Basi, raia anayelipa kwenye bariere na raia anayelipa kwenye soko wanatofautishwa na nini? Wote wawili wametoa pesa mfukoni. Wote wawili wana mtoto wa kulisha. Tofauti ni hesabu. Serikali inatoa karatasi, inaandika kwenye kitabu, na mwisho wa mwaka inasema: mlitupa kiasi hiki, tumefanya hiki, kimebaki hiki. Serikali isiyosema hivyo inajifananisha yenyewe na bariere, hata kama watumishi wake ni waaminifu. Na kijana wa miaka kumi na nane anayeona malipo mawili yanafanana atashindwa kuelewa kwa nini aheshimu moja na kulichukia jingine. Hatari yenyewe iko hapo, na inazidi sana ubaya wa mtaro uliojaa takataka.

Nani anapokea ripoti

Sheria ilipanga vizuri. Komini inapaswa kuwa na baraza la washauri waliochaguliwa na raia. Baraza ndilo linalopitisha bajeti, na bugumestri na wasaidizi wake wanatoa hesabu mbele yake. Kwa miaka mingi uchaguzi wa washauri hao haukufanyika, na mabugumestri walikuwa wakiteuliwa kutoka juu. Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya 2006, kura ya washauri wa komini ilipigwa katika komini za miji mikuu ya mikoa, siku moja na kura ya rais na wabunge.

Lakini Ituri na Kivu ya Kaskazini zilikuwa tayari chini ya utawala wa kijeshi, ule watu wanaouita eta de sieje, ulioanza 6 Mei 2021 na kurefushwa siku kumi na tano kwa siku kumi na tano. Chini ya utawala huo, gavana ni jenerali, bunge la mkoa limesimamishwa kazi, na miji na komini ziliwekwa mikononi mwa maofisa wa jeshi na polisi. Lengo lililotajwa lilikuwa kurudisha usalama. Kama lengo limefikiwa au la, huo ni mjadala mwingine, na familia zilizoko Kigonze zina jibu lao.

Linalohusu makala hii ni tundu lililobaki. Ofisa anayeongoza mji hakuchaguliwa na wakaaji, na analazimika kutoa ripoti kwa aliyemteua tu. Hesabu inapanda ngazi kwenda juu, haiteremki kwenda Lumumba. Ofisa anaweza kuwa mtu mwema na mchapakazi, na tundu likabaki pale pale, kwa sababu wema wa mtu hauwezi kuchukua nafasi ya baraza. Mtu akihamishwa, wema wake unaondoka naye.

«Usalama kwanza»

Kuna watakaosema: wakati huu wa vita, kudai karatasi za hesabu ni anasa. Usalama kwanza, mitaro baadaye. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna anayedai kwamba mipango ya jeshi ibandikwe ukutani. Lakini bei ya mifuko ya simenti iliyotumika kwenye kidaraja si siri ya vita. Idadi ya tiketi zilizouzwa sokoni haimsaidii adui. Kuchanganya mambo hayo mawili kunamfaa tu yule asiyetaka kuulizwa.

Tena usalama wenyewe unahitaji imani. Askari hawezi kujua nani mgeni kwenye avenyu fulani kama jirani hataki kusema. Jirani anasema pale anapoamini kwamba ofisi ni yake. Imani hiyo haijengwi na hotuba ya mwisho wa mwaka. Inajengwa na mambo madogo: mtu analipa, anapewa karatasi, na miezi mitatu baadaye anaona taa au mtaro.

Majirani wamejaribu

Jambo hili si ndoto. Ng'ambo tu ya ziwa Albert, nchini Uganda, uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 ambazo serikali kuu ilituma kwa ajili ya matumizi ya shule za msingi, ni kama 13 tu zilizofika shuleni. Zilizobaki ziliishia kwenye ofisi za wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kuagiza shule zibandike mlangoni kiasi kilichopokelewa. Ilipofika 2001, shule zilikuwa zinapata zaidi ya 80 katika kila 100. Wataalamu wamebishana kama matangazo peke yake yalileta badiliko hilo, kwa kuwa kulikuwa na marekebisho mengine wakati ule ule. Lakini hakuna aliyesema kwamba kubandika karatasi mlangoni kulidhuru.

Na ndani ya Kongo yenyewe, huko Kivu ya Kusini, kuanzia karibu 2010, baadhi ya komini na shefferi, komini ya Ibanda mjini Bukavu ikiwemo, zilijaribu kupanga bajeti pamoja na wakaaji, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Watu waliitwa mkutanoni kwa ujumbe wa simu, wakachagua kazi ya kutanguliza, kisha wakaarifiwa kilichofanyika. Taarifa za mpango ule zilisema kwamba watu walianza kulipa kodi zaidi, kwa sababu waliona inakoenda. Kiongozi anayelalamika kwamba raia wa Bunia hawapendi kulipa angeanzia hapo.

Mambo manne yanayowezekana mwaka huu

Hakuna haja ya kusubiri mwisho wa utawala wa kijeshi, wala asilimia 40 ya Kinshasa. Mambo manne yanaweza kufanyika kwa karatasi, gundi na nia njema.

Kwanza, kila komini ibandike kwenye ofisi za makartie yake, Lumumba ikiwemo, ukurasa mmoja kila miezi mitatu: pesa iliyoingia na chanzo chake, pesa iliyotoka na kazi yake. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, bila maneno ya kihasibu ambayo mama wa soko hawezi kuyasoma.

Pili, ripoti ya mwaka ianze na kazi za mwaka uliotangulia na hali yake ya sasa. Kisima kile kinatoa maji? Taa ile inawaka? Kama hapana, kwa nini?

Tatu, ripoti isomwe hadharani, ndani ya kartie, siku ambayo watu wako nyumbani, na waruhusiwe kuuliza. Mabaraza ya wazi ya aina hiyo yanajulikana Kongo, mashirika ya raia yamekwisha kuyaandaa mara nyingi. Kinachotakiwa ni kiongozi akae kwenye kiti, asikilize, na jibu lake liandikwe. Washauri waliopigiwa kura 2023 wapewe nafasi ya mbele katika mkutano huo, maana kuna watu waliosimama jua kali kuwachagua.

Nne, hakuna malipo bila karatasi yenye namba. Mkusanyaji asiyekuwa nayo arudishwe alikotoka.

Upande wa wakaaji

Hesabu hii ina upande wa pili pia. Mkaaji anayesubiri mvua inyeshe ndipo amwage takataka zake kwenye mtaro, akitumaini maji yatazipeleka kwa jirani wa chini, hana uso wa kumlaumu bugumestri. Mwenye duka anayefunga mlango siku ya Salongo na kufungua saa nne kamili, kana kwamba usafi ni wa wengine, naye ana deni. Na anayekubali kumpa mkusanyaji nusu ya pesa bila karatasi, ili wote wawili wapate faida, ameiba mtaro wa kartie nzima. Raia anayetaka kuuliza kwa sauti lazima awe na karatasi yake mkononi.

Kartie hiyo inabeba jina la mtu aliyeuawa 17 Januari 1961, na kila mwaka siku hiyo nchi nzima inapumzika kumkumbuka, katikati ya msimu huu huu wa ripoti. Lumumba alidai kwamba nchi hii iongozwe na wenyewe na kwa faida yao. Dai hilo kwa kawaida linasemwa kwa mambo makubwa, dhahabu na mipaka. Lakini linahusu pia tiketi ya faranga mia tano.

Mwezi wa tatu hauko mbali. Mvua itarudi Bunia, itapita Lumumba, itateremka mpaka Nyamukau, na itaonyesha kila mtu kilichofanyika na kisichofanyika. Ingekuwa heshima kwa viongozi kama wakaaji wangekuwa wamekwisha kuambiwa ukweli huo kabla ya maji kuusema.